Hesabu ya Vijenzi: Jinsi Kompyuta Ilivyoingia Katika Upangaji wa Uzalishaji Viwandani

Kiwanda kinachounda trekta, saa au cherehani hulazimika kila siku kujibu swali moja lenye sura nyepesi, nalo ni kijenzi kipi kitahitajika, kwa idadi gani na lini. Kijenzi hapa ni kitu chochote kinachoingia ndani ya kitu kingine kikubwa zaidi, iwe ni skrubu iliyonunuliwa kwa muuzaji wa nje, gia iliyochongwa katika karakana ya kiwanda chenyewe, au injini nzima ambayo nayo imeundwa kwa mamia ya vijenzi vingine. Jibu la swali hilo halidai hisabati ya juu, kwa kuwa yeyote ajuaye kuzidisha na kutoa anaweza kulipata. Kinachomshinda ni wingi, maana kiwanda cha ukubwa wa kati hushughulikia maelfu ya vijenzi, na mteja mmoja anapobadilisha agizo lake badiliko hilo hupita katika vijenzi vyote vya bidhaa yake, kuanzia kile kikubwa hadi kipande cha chuma kisichochongwa bado. Ndiyo maana historia ya kupanga uzalishaji kwa programu za kompyuta ilianza pale ilipopatikana mashine iliyoweza kuirudia hesabu ya zamani mara nyingi bila kuchoka, kwa bei ambayo kiwanda kingeimudu, ikaendelea kwa miongo iliyofuata kama mvutano kati ya kile ambacho mashine iliweza kukihesabu na kile ambacho watu wa kiwandani walikuwa tayari kuiambia kwa ukweli.

Kabla ya hapo wahandisi walikuwa wamejaribu kulikwepa swali hilo kwa njia ya mkato. Mwaka 1913 Ford W. Harris, mhandisi wa Marekani, alichapisha katika jarida la mambo ya viwanda kanuni iliyoonyesha ni vipande vingapi vitengenezwe kwa mkupuo mmoja ili gharama ya kuandaa mashine na gharama ya kuhifadhi mali ghalani, zikijumlishwa, ziwe ndogo kuliko zote. Mwaka 1934 R. H. Wilson alieneza utaratibu uliooana na kanuni hiyo, ambao wataalamu wa bohari waliujua kama kiwango cha kuagiza upya: kila kijenzi hupangiwa idadi fulani ya chini, na akiba ikishuka hadi hapo mtunza bohari huagiza shehena nyingine bila kuuliza itatumika katika bidhaa gani. Henry Gantt, kwa upande wake, alikuwa amekwisha kuwapa wasimamizi chati za mistari zilizoonyesha kila kazi inaanza na kumalizika siku gani, lakini chati hizo zilifaa zaidi kuitazama kazi iliyokwisha kupangwa kuliko kuzalisha mpango wenyewe.

Utaratibu wa kiwango cha kuagiza upya una dhana iliyojificha, kwamba kijenzi hutumika kidogo kidogo na kwa mwendo ulio sawa, kama ilivyo kwa sukari dukani. Katika kiwanda cha kuunganisha bidhaa mambo hayaendi hivyo, kwa sababu kijenzi kinaweza kukaa rafuni wiki saba bila kuguswa, na wiki ya nane kikahitajika vipande 400 kwa asubuhi moja, kwa kuwa ndiyo wiki iliyopangwa kuunganisha aina fulani ya mashine. Tena bidhaa haiunganishwi kwa wastani. Ikiwa bidhaa ina vijenzi kumi, na bohari imejitahidi kiasi kwamba kila kimoja kina uwezekano wa asilimia 90 wa kuwepo kinapohitajika, basi uwezekano wa vyote kumi kuwepo kwa pamoja ni takriban asilimia 35 tu, na kwa bidhaa yenye vijenzi mia moja uwezekano huo karibu hautajiki. Viwanda viliishi na hali hiyo kwa kujaza maghala na kwa kuajiri watu ambao kazi yao ilikuwa kuzunguka karakanani na orodha ya vitu vilivyokosekana, wakiwasukuma mafundi waache kazi waliyoishika na kuifanya ile iliyochelewa, jambo lililohakikisha kwamba kesho yake kazi iliyoachwa nayo ingeingia katika orodha hiyohiyo.

Wapo waliojua njia sahihi, nayo ni kuanza na idadi ya bidhaa zitakazouzwa na kuichambua hadi kwenye vijenzi vyake, na baadhi ya viwanda vikubwa vilifanya hivyo kwa makarani na mashine za kadi zilizotobolewa. Kazi hiyo ilichukua majuma mengi, hata ikafanywa mara moja tu kwa robo ya mwaka, na ilipokamilika maagizo ya wateja yalikuwa yamekwisha kubadilika. Kompyuta za kwanza za kibiashara hazikuondoa tatizo hilo mara moja, kwa kuwa zilihifadhi kumbukumbu katika utepe wa sumaku, na utepe husomwa kwa kufuatana tangu mwanzo hadi mwisho, ilhali anayechambua bidhaa huruka kutoka kijenzi kimoja hadi kingine kisichokaribiana nacho kabisa katika mpangilio wa namba.

Mlango ulifunguliwa na diski. Mwaka 1956 kampuni ya IBM ilitangaza mashine ya 305 RAMAC, iliyokuwa na diski 50 zilizopangwa juu ya mhimili mmoja na iliyoweza kuhifadhi herufi milioni 5 hivi, kiasi ambacho leo hakitoshi kwa picha chache za simu, lakini ambacho kwa mara ya kwanza kiliiwezesha mashine kwenda moja kwa moja kwenye kumbukumbu iliyotakiwa bila kupitia zilizotangulia. Juu ya uwezo huo, mwanzoni mwa miaka ya 1960, IBM ilijenga programu ya kuchakata orodha za vijenzi. Orodha ya vijenzi ni maelezo ya kila kinachoingia katika bidhaa na idadi yake, na ubunifu wa programu hiyo ulikuwa kwamba kila kijenzi kiliandikwa mara moja tu, kisha kikaunganishwa na vingine kwa anwani zilizoielekeza mashine mahali pa kusoma baadaye. Kwa kufuata anwani hizo kuelekea chini, mpangaji alipata vyote vilivyomo katika bidhaa. Kwa kuzifuata kuelekea juu, alipata bidhaa zote zinazotumia kijenzi fulani, taarifa ambayo kabla ya hapo ilikaa kichwani mwa wazee wachache wa kiwanda na kupotea walipostaafu.

Mtu ambaye jina lake limefungamana zaidi na hatua iliyofuata ni Joseph Orlicky, mzaliwa wa Czechoslovakia aliyehamia Marekani na kufanya kazi ya kusimamia uzalishaji katika kampuni ya matrekta ya J. I. Case huko Racine, jimbo la Wisconsin, kabla ya kujiunga na IBM. Orlicky alitenganisha aina mbili za mahitaji ambazo kanuni za awali zilikuwa zimezichanganya. Mahitaji huru ni yale yatokayo kwa wateja, ambayo kiwanda hakina budi kuyakisia. Mahitaji tegemezi ni yale ya kijenzi, ambayo hutokana na uamuzi wa kiwanda chenyewe wa kuunda bidhaa fulani, na kwa hiyo hayahitaji kukisiwa hata kidogo, kwa kuwa yanaweza kuhesabiwa. Tofauti hiyo, inayoonekana kuwa dhahiri mara inapotamkwa, ndiyo iliyoufanya utaratibu wa kuagiza upya uonekane kuwa ni kosa la msingi kwa sehemu kubwa ya mali ya kiwanda. Kampuni ya Black & Decker, mtengenezaji wa zana za umeme, hutajwa kuwa miongoni mwa za mwanzo kabisa kuutumia utaratibu mpya, mwaka 1964, nao ukaja kuitwa upangaji wa mahitaji ya vijenzi na malighafi, au kwa kifupi MRP.

Namna unavyofanya kazi inafaa kuelezwa kwa mfano. Kiwanda kinataka matrekta 50 yawe tayari wiki ya 13, na kuyaunganisha kunachukua wiki moja, kwa hiyo giaboksi zake 50 sharti ziwepo wiki ya 12. Bohari ina giaboksi 15, zinabaki 35 za kuundwa, na kwa kuwa kuziunda kunachukua wiki mbili, kazi itaanza wiki ya 10. Kila giaboksi ina gia sita za aina moja, hivyo zitahitajika gia 210 wiki hiyo. Bohari ina 60, zinabaki 150, na kuzichonga kunachukua wiki nne, maana yake kazi ianze wiki ya 6. Chuma cha kuzichongea huletwa na muuzaji wiki tano baada ya kuagizwa, kwa hiyo barua ya agizo sharti iondoke wiki ya kwanza. Hesabu inatembea pande mbili kwa wakati mmoja, ikishuka katika orodha ya vijenzi na kurudi nyuma katika kalenda, na katika kila ngazi mahitaji ya jumla hupunguzwa kwa kile kilichopo ili kupata mahitaji halisi. Mtu anayeyazidisha matrekta 50 kwa gia sita moja kwa moja atapata 300, ambayo ni mara mbili ya kile kinachotakiwa kuchongwa, kwa sababu atakuwa amesahau gia zilizolala ndani ya giaboksi zilizokwisha kuundwa na zile zilizoko rafuni.

Ugumu unaongezeka pale kijenzi kimoja kinapotumika katika ngazi tofauti, mathalani bolti inayofunga injini na ambayo pia inafunga pampu iliyomo ndani ya injini hiyohiyo. Mashine ikiihesabu bolti hiyo mara inapokutana nayo, italazimika kuihesabu upya kila inaposhuka ngazi. Suluhisho lilikuwa kukipa kila kijenzi namba ya ngazi ya chini kabisa kinamopatikana, na kuisubirisha hesabu yake hadi mahitaji ya ngazi zote za juu yawe yamekusanywa. Hata hivyo, kuchakata upya mpango wote kulichukua saa nyingi za kompyuta, na viwanda vingi viliifanya kazi hiyo mwishoni mwa juma. Orlicky mwenyewe alipigia debe njia ya pili, ya kuhesabu tu yale yaliyoguswa na mabadiliko, ingawa njia hiyo ilidai nidhamu kubwa zaidi, kwa kuwa kosa lililoingia halikusafishwa na hesabu mpya ya juma lililofuata.

Uenezaji wa fikra hii ulifanywa kwa ari iliyokaribia ile ya wahubiri. Oliver Wight na George Plossl, waliokuwa wamefanya kazi katika kampuni ya zana ya Stanley Works, walichapisha mwaka 1967 kitabu kuhusu udhibiti wa uzalishaji na akiba, kisha wao pamoja na Orlicky wakakitumia chama cha wataalamu wa fani hiyo, APICS, kilichoanzishwa mwaka 1957, kuendesha mwanzoni mwa miaka ya 1970 kampeni ambayo wenyewe waliiita vita vitakatifu vya MRP. IBM nayo ilitoa mwaka 1972 mfululizo wa vitabu vilivyojulikana kama COPICS, vilivyochora kiwanda kizima kama mfumo mmoja wa taarifa. Si haki kuichukulia bidii ya IBM kuwa ya kitaaluma tupu, kwani programu yenye njaa ya diski na kumbukumbu huuza mashine. Lakini si haki pia kudai kwamba ilikuwa biashara tu, kwa sababu vitabu hivyo viliwapa wapangaji wa nchi nyingi lugha ya pamoja ambayo hawakuwa nayo. Orlicky alikusanya mafundisho yake katika kitabu cha mwaka 1975, ambacho kilikuwa msingi wa fani kwa kizazi kizima.

Matokeo, hata hivyo, hayakulingana na ahadi. Kompyuta iliamini kila ilichoambiwa. Ikiwa kumbukumbu ilisema gia 60 zipo rafuni na kumbe zipo 20, mpango ulikuwa na upungufu wa gia 40 ambao haukugunduliwa hadi siku ya kuunganisha. Ikiwa wahandisi walibadilisha muundo na hawakuipeleka orodha mpya, mashine iliendelea kuagiza kijenzi ambacho hakuna aliyekitaka. Chini ya utaratibu wa zamani makosa hayo yalifunikwa na ghala lililojaa na kumbukumbu ya mtunza bohari. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ya miaka ya 1970, ambayo vitabu vya historia ya kompyuta huipita haraka, ilikuwa kuweka uzio na kufuli kwenye bohari ambazo hapo awali fundi yeyote aliingia na kuchukua alichotaka, kuhesabu sehemu ndogo ya mali kila siku badala ya yote mara moja kwa mwaka, na kuwafanya wahandisi wawajibike kwa usahihi wa orodha zao. Wight alitunga mwaka 1977 orodha ya maswali iliyoyagawa makampuni katika madaraja manne, kuanzia A kwa yale yaliyouendesha mfumo kama chombo cha uongozi hadi D kwa yale ambayo mfumo wao ulikuwa hai ndani ya chumba cha kompyuta tu. Kuwepo kwa daraja la mwisho kunaeleza mengi kuhusu hali ilivyokuwa.

Palikuwa pia na kasoro ambayo usahihi wa kumbukumbu haukuweza kuitibu. Hesabu ya MRP ilichukulia kwamba mashine za karakanani hazina kikomo cha uwezo, na kwamba muda wa kupata kijenzi ni namba isiyobadilika iliyoandikwa mara moja katika kumbukumbu. Kwa kweli sehemu kubwa ya muda huo ni foleni, yaani kazi kusubiri mbele ya mashine, na urefu wa foleni hutegemea wingi wa kazi zilizotumwa. Mpangaji aliyeona kazi zinachelewa aliuongeza muda katika kumbukumbu, mfumo ukatoa maagizo mapema zaidi, karakana ikafurika, foleni ikarefuka, na kazi zikachelewa kuliko mwanzo. Badiliko dogo la ratiba ya bidhaa liliweza vilevile kutikisa maagizo ya mamia ya vijenzi vya ngazi za chini, hali ambayo wataalamu waliiita wasiwasi wa mfumo. Dawa iliyopendekezwa ilikuwa kuurudisha mpango kwenye mizani ya uwezo wa mashine na kuurekebisha kabla ya kuutoa. Ulipoongezewa mipango ya mauzo na fedha, Wight aliuita MRP II, akibadilisha maana ya herufi hizo ili zimaanishe upangaji wa rasilimali za kiwanda, naye alifariki mwaka 1983 jina hilo likiwa limekwisha kuenea.

Wakati huohuo pingamizi kubwa zaidi lilitoka Japani. Taiichi Ohno na wenzake wa Toyota walikuwa wamejenga tangu mwishoni mwa miaka ya 1940 utaratibu ambamo karakana ya mbele huchukua vijenzi kutoka karakana ya nyuma pale tu inapovihitaji, na kadi iliyobandikwa kwenye kontena, iitwayo kanbani, hurudishwa nyuma kama ruhusa ya kutengeneza kiasi kilekile. Hapo hapahitajiki kompyuta ya kuiambia kila karakana cha kufanya. Waandishi wengi wa Magharibi waliuchukulia utaratibu huo kuwa ni hukumu ya mwisho dhidi ya MRP, lakini walipitiwa na jambo moja: kadi hufanya kazi vizuri pale ratiba ya bidhaa imesawazishwa kwa subira kubwa, na Toyota ilizitumia kompyuta kuchambua mahitaji ya mwezi ili wauzaji wake wajiandae. Mwanafizikia wa Israeli, Eliyahu Goldratt, aliishambulia kasoro ileile ya kusahau kikomo cha mashine kwa upande mwingine, kwa programu ya mwishoni mwa miaka ya 1970 iliyoanza kwa kuitafuta mashine yenye uwezo mdogo kuliko zote, kuipangia hiyo kwanza, kisha kuzifanya nyingine zote ziifuate. Namna programu hiyo ilivyokokotoa ilikuwa siri ya biashara, na pengine hiyo ndiyo sababu mawazo yake yalienea zaidi kwa riwaya yake ya mwaka 1984 kuliko kwa programu yenyewe.

Biashara ya programu hizi ilihamia Ujerumani kwa njia ambayo IBM haikuitarajia. Mwaka 1972 wafanyakazi watano waliotoka katika kampuni hiyo, Dietmar Hopp, Hasso Plattner, Claus Wellenreuther, Klaus Tschira na Hans-Werner Hector, walianzisha SAP, na mteja wao wa kwanza alikuwa tawi la kampuni ya kemikali ya ICI huko Östringen, ambako waliandikia programu zao kwenye kompyuta ya mteja kwa kuwa hawakuwa na yao. Wazo lao lilikuwa programu moja ya kawaida itakayouzwa kwa wengi, ambamo taarifa ikiingizwa mara moja huonekana papo hapo katika uhasibu, bohari na uzalishaji. Toleo la R/3 la mwaka 1992, lililoachana na kompyuta kuu na kutumia kompyuta ndogo zilizounganishwa kwa mtandao, liliingia katika makampuni mengi duniani, na jina la ERP, yaani upangaji wa rasilimali za kampuni nzima, lililobuniwa na kampuni ya utafiti ya Gartner mwaka 1990, likalifunika lile la MRP, ingawa hesabu ya Orlicky ilibaki hai ndani yake.

Ukubwa wa mifumo hiyo uliufanya udhaifu wa zamani uwe wa gharama mpya. Mwaka 1999 kampuni ya peremende ya Hershey iliwasha mfumo wake mpya katikati ya mwaka, karibu na msimu wa Halloween, ikashindwa kufikisha maagizo yenye thamani ya zaidi ya dola milioni 100 ilhali peremende zenyewe zilikuwepo. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni kwamba mali nyingine ilihifadhiwa mahali ambapo wafanyakazi walipajua lakini mfumo haukupajua. Mwaka 2001 Nike nayo ilitangaza hasara ya mauzo ya takriban dola milioni 100 baada ya programu ya kukisia mahitaji, iliyonunuliwa kwa i2 Technologies ya Dallas, kuagiza viatu vingi vya aina isiyotakiwa na vichache vya aina iliyotakiwa. Programu za kundi hilo, zilizoitwa mifumo ya juu ya upangaji, ziliweza hatimaye kuhesabu vijenzi na uwezo wa mashine kwa pamoja, jambo ambalo Orlicky na wenzake hawakuwa na kompyuta ya kulifanya, lakini kosa la Nike halikuwa la vijenzi wala mashine. Lilikuwa la mahitaji huru, yale yanayokisiwa.

Kitabu cha Orlicky, aliyefariki mwaka 1986, kiliendelea kuchapishwa na watu wengine. Toleo la pili lilitayarishwa na Plossl mwaka 1994, na la tatu, la mwaka 2011, na Carol Ptak na Chad Smith, ambao walipendekeza kwamba katika vituo vichache vilivyochaguliwa kwa makini ndani ya orodha ya vijenzi iwekwe akiba maalumu, ijazwe kila inaposhuka kwa matumizi, ili badiliko la juu lisitikise ngazi zote za chini. Rafu inayojazwa kwa sababu imepungua ilirudi hivyo kiwandani ikiwa ndani ya kitabu kilekile kilichoandikwa ili kuiondoa, safari hii ikiwa na kompyuta ya kuamua ni rafu zipi.